Bi Pasi Anaondoka na Ukulele Wake, Wivu Anatuachia Sisi

Ijumaa ya mwisho ya mwezi huu, baada ya miaka thelathini na mmoja katika kiwanda chetu cha dobi, msimamizi wa chumba cha pasi atavua aproni yake na kustaafu. Jina lake la kwenye kitambulisho wengi wetu tumelisahau. Kwetu sisi ni Bi Pasi. Wasifu huu umeandikwa na fundi mashine, aliyefanya kazi naye mlango kwa mlango, na ambaye anamwonea wivu. Heri hilo lisemwe mapema.

Bi Pasi aliingia akiwa mkunjaji wa shuka, akawa mpigaji pasi, kisha msimamizi. Ndiye aliyeanzisha utepe wa rangi wa kutenga nguo za hospitali na za hoteli, na tangu hapo hakuna mgeni wa hoteli aliyeletewa gauni la mgonjwa. Mdomo nao anao. Mteja akilalamika kwamba kola haijanyooka, humwuliza kwa upole kama shingo yenyewe imenyooka.

Mwaka juzi binti yake alimpa zawadi: boksi la vipande vya kuunda ukulele, kile kigitaa kidogo cha nyuzi nne. Tumbo lilikuwa tayari. Shingo, vigingi vya kukazia nyuzi na vikorokoro vingine vilikuwa kwenye mfuko. Alilibwaga juu ya meza ya kukunjia, saa ya chakula.

Hadi siku ile mwanamuziki wa dobi alikuwa fundi mashine. Sherehe zote gitaa lilikuwa lake. Kwa hiyo alijitolea.

"Niachie mimi, dada. Hiyo kazi ya mafundi."

"Nikikufulia suruali, utasema umefua wewe?" Bi Pasi alimjibu, akafungua gundi.

Fundi mashine akasubiri mambo yaharibike. Yakaharibika kweli. Kile kipande cha kushikia nyuzi tumboni kiligandishwa upogo, na nyuzi zilipofungwa zikakimbilia ukingoni mwa shingo kama mkunjo wa suruali uliopotea njia. Fundi mashine alimshauri atupe. Bi Pasi akafungua nyuzi, akatandika kitambaa chenye unyevu, akagusisha pasi ndogo, akainua, akagusisha tena, mpaka gundi ikalegea na kipande kikabanduka bila kung'oa hata kibanzi. Akapiga msasa, akapima upya kwa uzi wa kushonea, akagandisha. Fundi mashine alikikagua kwa tochi akitafuta kasoro. Hakuipata, na chakula cha siku ile hakikumshuka vizuri.

Kisha Bi Pasi akaanza kukipamba kigitaa chake. Alikipaka majani ya chai yaliyochemshwa mpaka mbao ikawa rangi ya asali nzito, halafu vanishi. Kwenye shingo, mahali ambapo wengine huweka vidoa vya kuongoza vidole, alizamisha vifungo vya mashati yaliyokosa wenyewe, vyeupe vyenye mng'ao, baada ya kuvisugua mpaka vikawa sawa na mbao. Drili aliazima kwa fundi mashine, ambaye alisimama pale pale akimwonya kwamba atatoboa shingo. Hakuitoboa.

Dereva wetu alipoagwa kwa sherehe ya kustaafu, watu waliita, "Bi Pasi! Bi Pasi!" Alikuwa anajua mishiko mitatu tu ya vidole. Fundi mashine anajua isiyohesabika. Lakini kwa mishiko ile mitatu ukumbi mzima uliimba, hadi meneja, ambaye sauti yake tulidhani ni ya kukohoa tu. Gitaa la fundi lilibaki ndani ya mfuko wake. Roho ikamuuma fundi, akatoka nje.

Bi Pasi akamfuata. "Umenuna?"

"Naangalia boila."

"Boila imezimwa tangu mchana, kaka yangu."

Ndipo Bi Pasi akamnyooshea ukulele.

"Nikazie nyuzi. Leo nimekisia tu. Zile mashine zimenila masikio. Uzi mwembamba ukilegea mimi sisikii."

"Mbona hukusema?"

"Niseme nini, na wewe ulikuwa unaomba kivunjike?"

Fundi akacheka, akakaza. Tangu siku ile kila Bi Pasi anapopiga, yeye ndiye hukaza kwanza. Wivu haukuisha; umehama tu. Siku hizi anamwonea wivu mwanamke asiyesikia uzi mwembamba na bado anathubutu kupiga mbele ya watu, huku yeye mwenye masikio mazima alikuwa radhi asubiri kuitwa.

Tuliomba ukulele ubaki kwenye kabati la vikombe vya ushindi vya idara. Bi Pasi alikataa katakata, akauliza kama vikombe vinaweza kuimba. Fundi mashine atakuwa akipita kwake kila Jumamosi kukaza nyuzi. Tumesikia mume wa Bi Pasi ameanza kuuliza hizo nyuzi zinalegea mara ngapi. Shemeji, karibu kwenye chama cha wenye wivu, nafasi zipo.

Asante, Bi Pasi, kwa kola zilizonyooka na kwa maneno yaliyotunyoosha sisi. Nenda ukapumzike, piga mpaka majirani wakuchukie, na Mungu akupe siku nyingi zaidi ya mishiko unayoijua.