Mwani Uliotiwa Chumvi

Kijiwe chetu cha Mpanda ni gogo moja na birika moja la kahawa, na jana vyote vililemewa. Dieudonne, tunayemwita Bwana Shamba kwa utani kwa sababu anakubali kila ushauri, alikaa kama mtu aliyetoka kuzika. Alinunua dawa ya mwani, majani yale ya baharini, ya kulowekea mbegu ziote upesi na miche ipate nguvu. Jirani yake kule Mwamkulu aliitumia, na miche yake ya kabichi ikatoka na mashina manene. Basi Dieudonne akaloweka mbegu za ngogwe, zile nyanya chungu, za marehemu mama yake, mbegu alizozichagua mama mwenyewe kila msimu na ambazo huzipati kwenye duka lolote. Kitalu kimya. Hata jani.

— Hebu sema, uliloweka kwenye nini? akauliza Aloyce, maarufu kama Redio.

— Mwani na maji, kama muuzaji alivyonielekeza. Na ile chumvi yenu.

Kila mtu akachungulia kikombe chake. Ushauri wa chumvi ulitoka kwenye gogo hilihili. Manyanda, mfugaji, alisema ng'ombe asiyelamba chumvi hanenepi, sembuse kitu kilichozaliwa baharini. Kijiwe kizima, ingawa hakuna aliyewahi kuiona bahari, kikapiga makofi.

Sasa Manyanda akajitetea kwamba chumvi ilikuwa kiganja tu. Pengine mwani wenyewe ulivuliwa Ziwa Tanganyika, maji baridi, ndiyo maana ukashtuka. Redio akakataa. Mbegu zimeota, alisema, tena vizuri, ila kwa chini. Zinarudi baharini.

— Kwa hiyo watu wa Tanga ndio watavuna ngogwe zangu?

— Watazitia na nazi, bwana.

Tulicheka. Dieudonne naye alicheka, kisha kicheko kikamkatikia njiani.

— Mama alikuwa anazianika kwenye kanga yake, akasema. Sikubakiza hata moja. Nilitaka zote zipate nguvu.

Hapo pikipiki kutoka Mwese ikasimama, akashuka Vestina, dada yake, vumbi mpaka kwenye kope. Akatusalimia, kahawa akaikataa.

— Kaka, kuku wamefukua kitalu changu chote. Nigawie zile za mama. Umeziweka wapi?

Manyanda akasogea kumpisha mgeni. Redio akasogea. Gogo zima tukawa tunasogea tu, mpaka nafasi ikatosha watu watatu.