Isack Anaenda Kuona Saa

Jumamosi asubuhi, benchi la nje ya duka la Mama Sikujua pale Silver Spring, Marekani, huwa halina nafasi ya tako la ziada. Mama huyo Mkongo huuza unga, samaki wakavu na kahawa ya tangawizi, na wanaume wasio na shifti hukaa hapo kuihukumu dunia. Siku moja ya mwaka tisini na tisa, Mwaura, waliyembandika jina la Ripota, alifika na habari iliyomnyima usingizi. Isack, Mtanzania waliyeanza naye kazi siku ile ile kwenye nyumba ya kutunzia wazee, anaipeleka familia yake Uswisi. Wamaitha, mkewe Mwaura, ndiye aliyeileta habari kutoka kanisani, tena akaisimulia kwa furaha, utadhani safari ni yake. Furaha hiyo ndiyo iliyomchoma mumewe.

— Uswisi kufanya nini? aliuliza Elkanah, dereva wa ubalozi, ambaye kijiweni huitwa Balozi.

— Kuona saa.

— Saa ngapi?

— Si saa ngapi, wewe! Saa zenyewe! Ameplani makumbusho ya saa, halafu boti ziwani, halafu treni inapanda mlima mpaka kwa theluji.

— Theluji si iko hapa? Juzi tu nilikuwa nachimbua gari na koleo!

— Wahenga walisema, akadakia Mzee Wambura, bingwa wa methali, samaki mkunje angali mbichi.

— Sasa samaki ametoka wapi, mzee?

— Si amesema kuna ziwa?

Mwaura hakucheka.

— Mtu tunasukuma naye wheelchair kila siku, leo anapanda ndege kutazama saa! Ile ya ukuta pale job haimtoshi?

Balozi akainama, akashusha sauti.

— Hapo kuna kitu. Mwaka elfu mbili unakuja, kompyuta zote zitazima, na saa za betri nazo. Isack ameshajua. Anafuata saa za kutia ufunguo. Akirudi, tutamwomba saa kama watu wanaomba maji.

— Harudi huyo! akasema Mwaura. Nani hubeba watoto wote kwenda kuona saa? Amehama!

— Bora angehama, akasema Wambura. Kule milimani saa zinakwenda polepole, mtu hazeeki. Atarudi kijana, sisi tuna mvi. Ndo ile, mgeni njoo, mwenyeji apone.

Mwaura alijua hayo ni maneno ya kahawa, lakini kila uongo ulimpoza kidogo, akatamani waongeze. Mara Isack mwenyewe akatokea dukani na mfuko wa unga.

— Shikamoo, Mzee Wambura.

— Marahaba, mwanangu.

— Tumeskia unatutoka, akasema Mwaura. Kwani saa ziko na nini?

— Marehemu baba alikuwa fundi saa Musoma, Isack akajibu. Kila siku alisema ataenda kuona zinakotengenezwa. Hakujaliwa. Nikaona niwapeleke wajukuu zake. Ziwa na milima ni vya mke wangu Benadetha, maana saa zinamchosha.

Kisha akauliza, bila ubaya wowote:

— Na wewe, Ripota? Ukipata nafasi, ungewapeleka wapi wako?

Mwaura alitafuta kichwani, akakuta boti ya Isack, treni ya Isack, mlima wa Isack. Chake hakikuwamo. Balozi alikitazama kikombe. Mzee Wambura alitafuta methali, akaikosa.

— Mama Sikujua, tuongeze kahawa, akasema Balozi.

— Imekwisha, ba papa, akajibu kwa Kiswahili cha kwao Kongo. Ile ya mwisho njo mulikunywa.

Isack akaaga. Mwaura naye akainuka, akaenda kwenye simu ya sarafu kando ya duka la dobi, akapiga hospitali anakofanya kazi Wamaitha, akaomba aitwe kutoka wodini.

— Wamaitha, kama tungesafiri, wewe ungetaka twende wapi?

— Mwaura, nani amekufa?

— Hakuna mtu amekufa. Nimeuliza tu.

— Basi ngoja nifunge mlango nikae, akasema Wamaitha. Hiyo si stori ya kusimama.