Mzee Joash Ogutu (1919–1977), Mtunza Kanisa la Mtakatifu Oswald

Ni nani kati yenu aliyewahi kumkuta Mzee Joash Ogutu nyumbani kwake mtaani Satellite siku ya Jumapili? Hakuna. Hata sisi wanawe hatukuwahi.

Marehemu alizaliwa Gem, Nyanza, mwaka wa 1919, kifungua mimba wa wazazi wake. Alisoma shule ya misheni hadi darasa la nne. Babake alipofariki mwaka wa 1933, aliacha masomo akachunga ng'ombe wa watu ili wadogo zake wale.

Alifika Nairobi mwaka wa 1941, akabeba mawe kwenye ujenzi. Machi 1946 aliajiriwa kufagia kanisa hili, na mwaka wa 1958 akafanywa mtunza kanisa. Alipiga kengele, alisugua vyombo vya shaba, alitandika zulia la maharusi. Wakati wa ukoloni aliingilia mlango wa nyuma. Uhuru ulipokuja, viti vya mbele vilipata wenyewe wapya, nao wakaendelea kumwita "Joash" kama mtoto, mtu mwenye mvi. Nasema haya kwa heshima, lakini nayasema.

Tarehe 12 Agosti 1944 alimwoa mama yetu, Peres Akoth. Walikaa Kaloleni, wakahamia Satellite mwaka wa 1964. Majirani wakimwuliza Mama alipo mumewe, alijibu, "Yuko kwa mke mwenzangu, mjini. Yule wa mawe. Hazeeki, hapiki, na bado amenishinda!"

Nilipohitimu chuo kikuu mwaka wa 1974, Baba hakuja. Siku hiyo binti wa mkubwa mmoja wa Woodley alikuwa akifunga ndoa hapa, na zulia lilimhitaji. Aliporudi nilimfokea.

"Baba, sherehe yangu ni moja tu maishani!"

"Na harusi ya yule binti je, ni ngapi?"

"Yule si mtoto wako. Wewe umeoa mawe, Baba."

"Were mwanangu," akasema akivua viatu, "hayo mawe hayajanifokea hata siku moja."

Mama alicheka mpaka akashika ukuta. Mimi sikucheka. Nililionea wivu kanisa hili, na leo nikiwa nimesimama ndani yake bado nalionea. Miaka yake bora mlikula ninyi. Sisi tulipewa uchovu wake.

Kifua kilianza kumsumbua Novemba mwaka jana. Daktari alimwambia apumzike. Alipumzika siku mbili, ya tatu akapanda basi kuja kazini. Jumatatu ya juma lake la mwisho miguu ilivimba, akalazwa siku tatu, kisha akaomba arudishwe nyumbani. Alifariki Jumamosi, tarehe 26 Machi 1977, saa nane mchana, Mama akiwa amemshika mkono.

Ameacha mjane, Peres, watoto wawili, Milcah na mimi, wajukuu wanne, na ndugu zake wa Gem, ambako tutamzika kesho. Mungu ampe kiti. Alisimama humu miaka thelathini na mmoja.

Asubuhi iliyofuata kifo chake, mimi na Mama tulikuja kuwapa habari. Tuliwakuta nje, mamia yenu, na mlango mkubwa umefungwa. Kasisi alikuwa na ufunguo, na ufunguo ulizunguka, lakini mlango ulikataa. Wanaume watatu wenye suti walisukuma kwa mabega. Mmoja akaniuliza, "Joash yuko wapi leo?" Kabla sijajibu, Mama alipita katikati yao. Akainua kitasa kwa mkono wa kushoto, akagonga ubao wa chini kwa goti, mara moja. Ukafunguka.

"Mama, umejulia wapi?"

"Alinifundisha. Kila Jumatano nilikuja tukapangusa viti pamoja, nawe uko chuoni na vitabu vyako." Akajifuta macho kwa leso. "Tulikungoja uulize."

Wale wenye suti walivua kofia, wakampisha. Akaingia wa kwanza.