Siku Niliyoogopa Kwenda Msibani

Mama mwenyekiti, shikamoo. Wakubwa zangu wote shikamooni, na ninyi wadogo ambao midomo imeshafunguka kuniamkia, marahaba, kaeni. Nimeambiwa nisimame nieleze nilivyofika kwenye kikundi hiki cha wajenzi wa majiko hapa Nyasubi. Mkiniona nimeshika kiti msidhani ni uzee, ni woga. Majina ya watu sitayataja. Kijiji changu kiko upande wa Didia, na mkijua hivyo inatosha.

Mume wangu alipofariki nilibaki na binti mmoja, huyu mnayemfahamu, aliyeolewa hapa mjini. Nilikuwa nakaribia hamsini. Nyumba ilikuwa ya nyasi na shamba la pamba lilikuwa halinipi kitu, nikaenda Rwamgasa kupikia wachimbaji wa dhahabu. Mama lishe, ndiyo. Kibanda cha maturubai, mafiga, sufuria la ugali ambalo mtoto angeweza kuogea ndani yake, na moshi kuanzia alfajiri hadi jioni. Sisi wa Shinyanga tuliokulia kwenye moto wa mabua na mavi ya ng'ombe, moshi si mgeni kwetu. Lakini ule wa Rwamgasa, ndugu zangu, ulinila macho. Yalianza kuwasha, yakatoa machozi, mwisho yakawa mekundu na wekundu haukutoka tena.

Nilifanya kazi hiyo miaka kadhaa, nikarudi kijijini nikaezeka nyumba bati. Hapo mmeshaanza kuelewa. Nilikwenda machimboni na nyumba ya nyasi na macho meupe, nikarudi na bati na macho mekundu. Kwetu hesabu kama hiyo watu huipiga haraka sana.

Kwa ambaye si wa huku nieleze kidogo. Mama wa umri wangu, mjane, akiwa na macho haya, kuna jina anapewa. Halisemwi mbele yake. Na wapo wenzetu waliokatwa mapanga kwa sababu ya jina hilo. Sitasema zaidi, naona hapa kuna mabinti.

Hakuna mtu aliyenitukana, na hilo ndilo lililonitisha kuliko yote. Mtu akikutukana utamjibu. Mimi niliona tu kwamba watoto waliokuwa wakitumwa kwangu kuomba chumvi hawaji tena. Nikifika bombani, akina mama wananipisha nichote wa kwanza, wote, hata aliyekuwa ameshatega ndoo yake. Naamkia, "Mwangaluka," na jibu linakuja wakiwa wameshanipita, kwa sauti ya chini. Siku moja nilimkuta mama mmoja anamfunika mtoto wake uso kwa kanga ili nisimwangalie. Nilirudi nyumbani nikakaa kitandani na viatu miguuni, sikujua nifanye nini.

Nilikwenda hospitali mjini. Daktari wa macho akanitazama, akasema, "Mama, haya ni ya moshi. Umepikia kuni muda mrefu eeh?" Akanipa dawa ya matone, akaniambia nikae mbali na moto. Nilitoka pale nimefurahi kweli. Furaha iliniisha njiani. Nitamwambia nani? Hakuna aliyenishtaki. Nikisimama kijijini nikasema mimi siyo, watauliza, kwani nani kasema ni wewe?

Basi nikaanza kujificha. Hapo ndipo nilipoharibu. Kanga nikaivuta mpaka kwenye nyusi. Bombani nakwenda wakati wa jua kali, watu wamepumzika. Kanisani nikaacha. Mlango nilikuwa nafunga komeo jua bado linaonekana, na nikisikia pikipiki inapunguza mwendo karibu na nyumba, nakaa chini sakafuni mpaka ipite. Nilikonda, na kukonda nako kukawaongezea watu maneno.

Katika hali hiyo, mume wa jirani yangu akaugua. Jirani huyu si wa kupeana salamu tu. Nilipofiwa na mume wangu, yeye ndiye aliyelala na mimi kwenye mkeka siku zote za matanga. Nilipika uji nikaweka kwenye chupa, nikatoka niende kumwona mgonjwa. Nikafika katikati ya njia. Nikajiambia, nikiingia mle ndani leo na huyu baba akafa kesho, watasema nilikwenda kummalizia. Nikageuka na uji wangu. Nilijaribu tena siku nyingine, nikageukia mlangoni kwangu mwenyewe.

Yule baba akafa.

Yowe lilipigwa. Mnajua kwetu yowe likilia hakuna wa kubaki ndani, mzima utatoka, mgonjwa utauliza. Mimi nililisikia vizuri kabisa na nikakaa. Watu wakapita mbele ya nyumba yangu wakienda msibani. Kuna waliosimama kidogo, wakatazama mlango, wakaendelea.

Binti yangu akapiga simu analia. Habari zilikuwa zimeshamfikia huku Nyasubi. "Mama, toka huko leo leo. Acha kila kitu, njoo kwangu." Nikachukua kiroba nikaanza kupanga nguo. Na wakati nafunga kamba, wazo likanijia lililonitia baridi. Nikiondoka leo kwa kupitia nyuma, maiti hajazikwa, nimewapa jibu mimi mwenyewe. Na jina lile halitabaki kijijini. Litapanda basi kabla yangu. Litanikuta kwa binti yangu, kwa wakwe zake, kwa wajukuu zangu shuleni.

Nikaacha kiroba pale pale. Nikafunga dawa yangu ya macho kwenye pindo la kanga, nikajaza maji ndoo, nikajitwisha, nikatoka kwa mlango wa mbele.

Msinipigie makofi. Sikuwa jasiri. Niliogopa kukimbia na niliogopa kwenda, nikachagua kwenda kwa sababu kulikuwa na watu wengi na ilikuwa mchana. Nilijiambia, kama ni kufa, basi nife watu wakiona.

Niliingia uani. Wanaume walikuwa chini ya turubai wakanitazama wote. Nikatua ndoo. Hakuna aliyesema asante, hakuna aliyesema njoo umenye viazi, njoo uoshe sufuria. Akina mama mnajua, msibani kila mwanamke anatafutiwa kazi, hata asiyejua kupika. Kukosa kazi pale ni kuambiwa nenda.

Sasa alikuwepo mtani wa marehemu, mama mmoja mwenye kifua na sauti. Tangu asubuhi alikuwa anawavunja mbavu wafiwa, eti marehemu aamke kwanza amwachie kofia yake. Watani mnawajua, msibani wanasema lolote na hakuna wa kuwakasirikia. Alitoka jikoni na mwiko mkononi, akaniona, akapaza sauti.

"Haa! Mchawi wetu kafika! Mbona umechelewa hivyo, ulikuwa unaanika ungo wako?"

Hakuna aliyecheka. Hata kuku, nadhani. Ndugu zangu, nawaambia ukweli wa Mungu, nilihisi nguo inaloa. Nilitazama kwenye lango nikaona vijana wamesimama, nikajua siwezi kupita.

Lakini jina lilikuwa limesemwa. Kwa mara ya kwanza kulikuwa na kitu cha kujibu. Sijui sauti niliitoa wapi. Nikasema, "Nimechelewa kwa sababu nawaogopa. Nawaogopa ninyi nyote. Macho yangu yameliwa na moshi wa Rwamgasa, dawa hii hapa niliyopewa na daktari. Mkiyaona mnakimbia, nami nikiona mnakimbia najificha."

Jirani yangu mfiwa alikuwa kwenye mkeka, amejifunika. Akainua kichwa, akanitazama machoni, jambo ambalo hakuna mtu alikuwa amelifanya kwa muda mrefu.

"Kwa nini hukuja kumwona?" akaniuliza. "Alikuwa anakuulizia. Anasema, yule mama hajaja, nimemkosea nini?"

Hilo neno liliniangusha. Nilikaa chini kwenye vumbi. Nikamwambia, "Niliogopa. Nilijua akifa watasema ni mimi."

Akasema, "Wamesema ni wewe kwa sababu hukuja."

Tukalia wote wawili. Na tungeendelea kulia kama si yule mtani. "Sasa wachawi wawili mnalia, ugali nani atasonga?" Akawageukia wanawake waliotoka jikoni, yeye mwenyewe moshi umemfanya machozi yanamtiririka. "Nani hapa ana macho meupe? Aje atusongee!" Wakatazamana. Jiko la msiba mnalijua, tangu asubuhi wanapulizia mabua mabichi. Hakuna aliyekuwa na macho meupe. Mmoja akaguna, mwingine akaanza kucheka huku anajizuia, na yule mtani akanisukumia mwiko.

Nilisonga. Ugali ukatoka na madonge, mimi niliyelisha wachimbaji miaka yote ile! Tukapakua. Nikasimama pembeni kutazama nani atakula. Mfiwa akasogeza sahani, akamega tonge la kwanza, akala. Wengine wakafuata.

Sitawadanganya kwamba mambo yaliisha siku hiyo. Yupo baba mmoja mpaka leo akiniona anatema mate pembeni. Pikipiki ikipunguza mwendo, moyo bado unapiga. Lakini chumvi wanaomba tena.

Nikaamua, kwa umri huu, moto wa wazi basi. Nikaja kwenu. Mlinikuta mkubwa kuliko wanafunzi wote wa majiko, na jiko langu la kwanza lilianguka mbele ya mgeni rasmi, mnakumbuka. Chekeni tu. Lililofuata lilisimama, lenye bomba la kutolea moshi nje, na nilikwenda kulijenga kwa jirani yangu yule mjane. Leo najenga majiko katika vijiji vya jirani, na wazee wenye mvi wananiita fundi.

Nawashukuru ninyi mlionifundisha bila kuniuliza habari za macho. Namshukuru binti yangu, daktari yule, na jirani aliyemega tonge. Mtani namshukuru, ingawa bado sijamsamehe habari ya ungo.

Sisemi kila mama aliye katika hali ile abaki. Wapo ambao kukimbia ndiko kulikowaokoa, na ukiona mapanga, kimbia. Ombi langu ni kwa ninyi mlio nje ya ule mlango. Kila mtaa una mama ambaye siku hizi haonekani, haji msibani, haji kanisani, na mmeshaanza kusema ana majivuno au ana lake. Nendeni kwake mchana, mkapige hodi. Asipoitika, piga tena. Yumo ndani, amekaa sakafuni, anakusikia. Usiondoke.