Fundi Sikio na Pikapu Iliyokataa Kunyamaza

Wasikilizaji wapendwa, sogezeni redio karibu. Leo tunamkumbuka fundi wa magari tuliyemwita Fundi Sikio. Alizikwa juma lililopita. Nilikuwapo siku ile!

Kwanza mjue alivyofanya kazi. Fundi Sikio alikuwa bingwa wa mlio mmoja, ule wa "ngo!" unaosikika chini ya pikapu ukiingiza gia. Ukimpelekea gari, hashiki spana. Anapanda nyuma, analala kifudifudi, anabandika sikio kwenye bati na kupiga kelele: "Ondoa! Taratibu!" Mnazunguka mtaa hivyo hivyo. Watu wanadhani mnakimbiza mgonjwa. Siku moja muuza mboga alituombea dua kabisa, na Fundi akainua mkono kumshukuru!

Akishuka, anaweka mawe kwenye magurudumu na kuingia uvunguni. Anashika propela shafti, lile bomba la chuma linalopeleka nguvu nyuma, analisokota kwa mkono. La pikapu yangu lilicheza. Fundi mwingine alishaniambia difu, zile gia za ekseli ya nyuma, imekufa. Fundi Sikio akanionyesha unga wa kutu kwenye krosi, kile kiungo cha shafti.

"Difu yako nzima kuliko wewe," akasema. "Krosi imekauka grisi, basi."

Alipougua, alimwambia binti yake, ambaye ndiye fundi mwenzake: "Siku yangu mnibebe kwa pikapu yangu. Na isigonge, mwanangu. Nitaaibika." Krosi za pikapu ile zilikuwa zimekwisha. Binti akashusha shafti, akaweka krosi mpya, akairudisha.

Siku ya mazishi, jeneza likapakiwa kwenye pikapu hiyo, uwanjani kwake. Mdogo wake marehemu akashika usukani, akaingiza gia. Ngo!

Uwanja mzima ukaganda.

"Mlio mdogo tu huo, twendeni," akasema baba mdogo.

Mjane akamkatiza: "Shemeji, uliwahi kumsikia kaka yako akisema mlio mdogo? Haendi mtu hapa!"

 Binti akapanda nyuma na gauni lake la msiba, akalala kando ya jeneza, akabandika sikio kwenye bati. "Ondoa, baba mdogo! Taratibu!" Pikapu ikazunguka uwanja. Ngo! Ngo! Wasikilizaji wapendwa, walilala wawili pale, baba na mwana. 

"Si krosi!" akapaza sauti. "Ni katikati!"

Akaruka chini, akaingia uvunguni. Katikati ya shafti kuna beringi inayoishikilia kwenye chesisi, ile fremu ya chini ya gari. Bolti zake zilikuwa zimelegea. Tukamsikia akilia kule chini. Baadaye alinieleza: "Nilikuwa nimezikaza kwa vidole tu, mama akaniita. Baba amezidiwa. Nikatupa spana nikakimbia. Sikuigusa tena gari."

Lakini alilia huku anakaza! Alipotoka, gauni limejaa grisi, akampungia mkono baba yake mdogo. Gia ikaingia. Kimya. Baba mdogo akakanyaga mafuta, akaachia, akakanyaga tena. Kimya kabisa! Tukapiga makofi, msibani, bila haya. Mjane akaweka kiganja juu ya jeneza. "Umesikia, mume wangu? Hakuna kitu."

Fundi Sikio akaenda kuzikwa kwa pikapu yake, na njia nzima haikugonga.

Kwa mjane, kwa binti, kwa baba mdogo na ndugu wote, sisi wa kipindi hiki tunasema poleni sana. Tumempenda nanyi, na tutammisi nanyi.

Nawe unayetusikiliza, tafakari kidogo. Huenda kuna bolti uliiacha haijakazwa kwa sababu mtu wako alikuita. Ulifanya vyema kumkimbilia. Sasa futa machozi, ukaikaze.