Kibwana Matano na Koki Iliyofunguliwa Yote

Wasikilizaji wapendwa, asalaam aleikum, na kwa wakubwa wangu shikamooni. Leo mtanisamehe, mzaha wangu ni mchache. Namkumbuka Kibwana Matano, mlinzi wa bwawa la udongo, bara ya Msambweni. Mlinzi wa bwawa, narudia, kwa wale ambao redio zao zinakoroma.

Kibwana alikuwa mtu wa polepole. Polepole kula, polepole kuoa. Mkewe, Bi Esha, anasema alimngoja mpaka posa ikaota kutu. Masika bwawa likijaa, Kibwana alifungua koki ya bomba kidogo tu, maji yashuke kiganja kwa siku. Iddi, nduguye Bi Esha, hakumwacha apumue.

"Shemeji, unafungua maji kama bahili anayefungua sukari."

"Tuta hili la bwawa limelewa maji, shemeji," Kibwana akamjibu. "Na limeyaegemea maji hayo hayo. Mlevi ukimwondolea egemeo ghafla, anaanguka."

Masika haya ya mwaka hamsini na saba, Iddi aliingia bwawani kumnasua ng'ombe. Ng'ombe alitoka. Iddi hakutoka. Bwawa lilikuwa limejaa pomoni, maji rangi ya chai ya maziwa. Vijana walipiga mbizi asubuhi nzima, wakapapasa, wasimpate. Adhuhuri ikapita. Nanyi mnajua, kwetu maiti haicheleweshwi. Bi Esha akamfuata mumewe kwenye koki.

"Ndugu yangu asilale majini. Fungua."

"Nimeshafungua, Esha."

"Fungua yote."

Kibwana akamtazama, akauliza mara moja tu: "Yote?"

"Yote."

Akafungua yote. Narudia, wasikilizaji: yote.

Maji yakashuka mbio. Alasiri mkono wa Iddi ukaonekana chini ya tuta, upande wa ndani, upande wa maji. Vijana wakataka kushuka, Kibwana akawafukuza.

"Asishuke mtu. Huyu ni shemeji yangu, ananidai mimi utani."

Akateremka peke yake, akamfunga Iddi kamba, akawapungia wavute. Iddi akafika juu. Hapo tuta, lililolowa hadi moyoni na lisilo tena na maji ya kuliegemea, likaporomoka kwa ndani, juu ya Kibwana.

Iddi alizikwa kabla ya magharibi, kama dada yake alivyotaka. Aliyelala humo ni Kibwana. Tulichimba kwa majembe, kwa sufuria, kwa mikono, na tope likajaa pale pale tulipolitoa. Tulimfikia kesho yake.

Sasa wapo wanaosema Bi Esha amemuua mumewe. Wengine wananisikiliza hivi sasa. Nawauliza: nduguyo yumo majini, jua linashuka, wewe ungesema nusu? Lifikirieni hilo kwanza. Na midomo nayo ifunguliwe kidogo kidogo.

Bi Esha, na jamaa wa marehemu wote wawili, poleni sana. Mwenyezi Mungu awarehemu. Nawe, Bi Esha, nilipokwenda kukupa mkono wa tanzia uliniambia maneno haya, nami nayarudia:

"Alijua, mwanangu. Alijua, na akafungua."