Springi za Kumpeleka Mama Mkwe Rukanga

Benchi letu ni ubao uliong'olewa kwenye bodi ya lori na kulazwa juu ya rimu mbili, nje ya gereji ya Sylus hapa Voi, upande wa barabara ya Mwatate. Sylus tunamwita Bushi, kwa sababu hata ukimletea gari lililoishiwa na mafuta atakwambia ni bushi, zile raba za kwenye viungo vya chuma. Mulei ni Trela. Aliendesha malori ya masafa marefu mpaka wakubwa wake wakamwona mzee, na hadi leo akisimulia safari mwili wake huinama upande wa kona. Lewis ni karani, lakini jina lake ni Injinia. Hajawahi kushika spana, ila simu yake inazijua zote. Kahawa hutoka kwa Mzee Buli, ambaye hufika baada ya sala ya alasiri na buli lake la shaba na kikapu cha vikombe. Mimi wananiita Katekista, kwa kuwa ndiyo kazi yangu kanisani, na nikikaa huwa wanapunguza maneno makali. Siku hiyo nilikuwa na shida ya kweli, nikaileta mbele ya benchi.

Shida yenyewe niliiegesha pale pale mbele yao. Ni Celica nyekundu ya milango miwili, gari la spoti la zamani. Nililinunua nikiwa kijana kwa mtu aliyependa mashindano, naye alikuwa amelitia springi fupi na ngumu ili lilale chini kwenye kona. Kona zilifurahi. Mgongo wa mtu haukufurahi kamwe, ila marehemu mke wangu, Nduku, alizoea. Tulikuwa tukikata njia ya kwetu kutoka Maungu, yeye anashika mkono wa mlango kwa mkono mmoja na rozari kwa mwingine. Barabara ile tuliijua kwa rozari: tendo la kwanza tukiacha lami, na kwenye korongo lile kubwa tumefika la tatu.

Mungu alimwita mwaka jana. Siku ya maziko mama yake alikuwa amelazwa hospitalini, akaukosa udongo wa mwanawe. Sasa amesimama. Jumamosi kuna misa ya mwaka nyumbani kwangu Rukanga, na mama mkwe atashuka kwa treni hapa Voi Ijumaa, alale mjini. Mimi ni Mdawida, Mtaita, niliyeoa Ukambani, na huko mume haongei ovyo na mama wa mke wake, kwa hiyo ujumbe ulinifikia kwa shemeji yangu Syombua. Mama alikuwa amesema hivi: gari jekundu lililomtoa mwanangu nyumbani ndilo linipeleke nikaone alipolala. Lisije lingine.

Niliwaeleza hayo yote. Bushi hakuinuka kwenye benchi.

BUSHI: Hiyo ni bushi.

TRELA: Hata hujainama kuangalia!

BUSHI: Daktari mzuri humjua mgonjwa akiwa bado mlangoni.

INJINIA: Ngojeni kwanza. Katekista, ubaya uko kwa barabara ama kwa gari?

MIMI: Lami mpaka Maungu haina neno. Ni ule udongo wa kuingia Rukanga. Juzi nilibeba trei ya mayai kutoka nyumbani. Yalifika hapa yameshavurugwa, kilichobaki ni kitunguu na chumvi tu.

MZEE BULI: Na huyo mama ni mtu mzima sana?

MIMI: Themanini amezipita. Na kiuno chake kimefanyiwa upasuaji.

Hapo hata Bushi aliweka kikombe chini. Akatandika katoni, akaingia chini ya gari, tukabaki tukitazama viatu vyake. Alipotoka alikuwa na uso wa mtu aliyetoka kuona maiti.

BUSHI: Shoki za mbele zinavuja. Springi za nyuma ni ngumu kama reli. Na bushi...

TRELA: Tumejua. Zimekwisha.

BUSHI: Zilikwisha zamani. Sasa hizi ni roho zao. Dawa yake ni hivi: tunatoa springi fupi, tunaweka ndefu na laini, halafu tunafunga shoki za pikapu.

TRELA: Shoki za pikapu? Pikapu isiyo na mzigo inarusha mtu mpaka kichwa kinajua paa. Sikiza, Katekista. Mwacha mila ni mtumwa. Gari la nchi hii ni springi bapa, zile zimepangwa kama chapati. Nina za lori nyumbani, nyuma ya banda la kuku.

BUSHI: Springi ya lori kwa Celica? Si gari litainua pua liangalie mbinguni?

TRELA: Si ni gari la Katekista?

Walicheka, nami nikacheka. Nilikuwa sijacheka na watu kwa muda, na nilitaka kweli kujua. Nikauliza kama springi ndefu hazitalifanya gari liyumbe, mama akaja kutapika njiani.

INJINIA: Swali nzuri hiyo. Na ndiyo maana mambo ya springi ni ya kizamani. Siku hizi ni mifuko ya hewa. Unatoa chuma chote, unaweka mfuko kila kona. Manze, unabonyeza simu hivi, gari inapiga magoti kama ngamia. Nyanya anapanda. Unabonyeza tena, inasimama.

MZEE BULI: Ngamia akiinuka, mwanangu, hutanguliza miguu ya nyuma. Aliyepanda asiposhika vizuri hulala kifudifudi.

INJINIA: Hii itainuka mbele na nyuma pamoja, mzee.

BUSHI: Na mfuko ukitoboka katikati ya pori? Mwiba wa huko si unaujua?

INJINIA: Ukiona vyaelea, vimeundwa.

TRELA: Na ukiona vimezama?

Mzee Buli alituongezea kahawa. Trela alivuta mkupuo mmoja, akaanza kuinama upande wa kulia, nikajua tumeingia safarini.

TRELA: Nyinyi mnahangaika na vyuma, na siri iko kwa mguu. Ile barabara ina vimatuta vidogo vidogo kama ubao wa kufulia, ama nadanganya?

MIMI: Hudanganyi.

TRELA: Ukienda polepole, gurudumu linashuka kila shimo na kupanda kila tuta. Linahesabu yote. Ukikanyaga mafuta, linagusa vichwa peke yake. Mnapita juu juu, kama malaika. Haraka haraka haina baraka, kwa hivyo unaimaliza mapema.

MIMI: Nimkimbize mama mkwe kama mashindano ya safari?

TRELA: Si atajua mwanawe aliolewa na mwanaume!

BUSHI: Kiuno kimeshonwa, Trela. Kitafumuka.

TRELA: Basi tia mchanga kwa buti. Magunia mawili, matatu. Kitu kizito hakirukiruki.

INJINIA: Mahindi ni afadhali. Mchanga ukifika Rukanga utapeleka wapi?

BUSHI: Hapo sasa tunaongea. Lakini mimi nitawauliza jambo. Hawa ndovu wa Tsavo wakivuka huku usiku kuingia mashamba ya watu, mmewahi kuzisikia hatua zao?

Tukasema hatujawahi. Unaamka asubuhi, unakuta mahindi hayapo.

BUSHI: Mnyama mzito kushinda trela ya Trela. Hana shoki, hana springi. Anatembea kama paka. Kwa nini? Chini ya wayo ana mto wa mafuta. Siri ni mguu kweli, lakini ni mguu wa ndovu. Punguza upepo kwa tairi.

INJINIA: Kwa nini kupunguza upepo na wewe mwenyewe umesema mafuta? Jaza tairi mafuta.

Nilidhani Bushi atamtukana. Badala yake alikuna kidevu, akalitazama gurudumu.

BUSHI: Ya kupikia ama ya ng'ombe?

MZEE BULI: Ya ng'ombe huganda alfajiri.

TRELA: Misa ni saa ngapi?

MIMI: Asubuhi.

TRELA: Basi ya kupikia.

Mpaka hapo Celica yangu ilikuwa nusu lori, nusu ngamia, na kilichobaki ndovu. Injinia alikuwa amesimama akichora gari kwa kijiti vumbini. Bushi alikuwa akifuta kwa kiatu na kuchora upya. Trela alitaka springi bapa zibaki chini ya mifuko ya hewa, ili hewa ikitoka, mila ziwe pale pale kupokea. Nilisikiza kila mmoja. Nilijua mengi ni upuuzi, lakini ndani ya upuuzi wao nilikuwa nikiliona gari likipita polepole kwenye korongo lile, bila kishindo, na mama ametulia.

Ndipo alipofika mwanamke mmoja akivingirisha gurudumu la mkokoteni lililotoboka. Anaitwa Mbinya, anauza matikiti kando ya barabara kuu kule Miasenyi, na alikuja Voi kwa ajili ya lile gurudumu tu. Alisalimu, akampa Bushi mzigo wake, akakaa mwisho wa benchi. Mzee Buli akamtilia kahawa. Alikunywa akitazama michoro.

MBINYA: Wazee, hiyo ni gari ama ni mnyama?

INJINIA: Ni hii hapa, mama. Tunaitengeneza imbebe mama mkwe wa Katekista mpaka Rukanga.

MBINYA: Mama mkwe ni wa wapi?

TRELA: Wa kwetu! Susu, yaani nyanya, wa Kibwezi. Mkamba kamili.

Mbinya aliinuka na kikombe chake, akalizunguka gari. Alichungulia dirisha la dereva. Akaenda upande wa pili, akachungulia tena, sasa kwa muda mrefu zaidi.

MBINYA: Na susu atakaa wapi?

BUSHI: Ndani!

Bushi alicheka peke yake.

MBINYA: Ndani wapi? Huku nyuma mtu anaingia kwa kukunja kiti na kutambaa. Mwenye kiuno cha kushonwa atatambaa?

INJINIA: Basi mbele.

MBINYA: Mbele, bega kwa bega na mume wa mwanawe? Na gia iko hapo katikati. Kila akibadilisha gia, mkono kwa goti la mama mkwe, kutoka Voi mpaka Rukanga?

Injinia akakitupa kijiti chake. Kwa Wakamba heshima hiyo wanaiita nthoni. Mimi na mama mkwe, miaka yote ya ndoa yangu, hatujawahi kula meza moja. Nikifika kwake alikuwa akinisalimu kutoka jikoni, nami naitikia nikiwa uani. Siku nilipomchukua Nduku kwa gari hilo hilo, mama alisimama langoni akatazama migomba, ili mimi na yeye tusikutane macho.

MZEE BULI: Mwacha mila ni nani vile, Trela?

TRELA: Wacha, mzee.

BUSHI: Lakini wewe ni Mkamba! Umekaa hapa tangu alasiri. Ulikuwa wapi?

TRELA: Nilikuwa kwa springi.

INJINIA: Sote tulikuwa kwa springi.

Macho yakanigeukia mimi. Bushi akaniuliza kwa upole, si kwa utani.

BUSHI: Katekista, wewe mwenyewe ulikuwa umempanga wapi?

MIMI: Nyuma.

MBINYA: Nyuma? Na mbele kuna nani?

Nikageuka, nikakitazama kile kiti cha mbele. Wiki nzima nilikuwa nimeifanya safari ile kichwani: treni imefika, kumekucha, mama amepanda, tumeacha lami, tumeingia udongoni. Kila mara mama nilimweka nyuma, na sikujiuliza ataingiaje. Mbele pale palikuwa na mtu. Palikuwa na mkono ulioshika mlango, na rozari.

Mbinya alimtazama Trela, Trela akamwambia neno moja kwa Kikamba. Mama yule akashika mdomo.

MBINYA: Pole, baba. Sikujua.

MIMI: Hapana, mama. Umeuliza vizuri.

Mzee Buli aliinamisha buli. Yalitoka mashapo tu. Akaanza kukusanya vikombe, akavipangusa kimoja kimoja bila kuvigonganisha.

Trela ndiye aliyekohoa kwanza.

TRELA: Katekista. Jumamosi sina kazi. Mimi kwa susu si mkwe, mimi ni mtoto wa nyumbani tu. Nitaendesha. Yeye akae pale mbele, kwa mwanawe. Wewe utambae huko nyuma.

INJINIA: Na usikanyage mafuta kama malaika.

TRELA: Nitaenda polepole. Nitahesabu kila shimo.

Nikamshika mkono. Bushi alikuwa amechukua katoni yake na kuingia tena chini ya gari, safari hii upande wa nyuma. Sauti yake ikatokea huko.

BUSHI: Basi za mbele ziwe laini kabisa, ndiko mama atakaa. Za nyuma zibebe mzee. Katekista, una kilo ngapi?

MIMI: Sijui. Sijajipima tangu mwaka jana.

BUSHI: Ingia ukae, nione zinashuka kiasi gani.

Nikafungua mlango wa upande wa Nduku. Nikakunja kiti chake taratibu, nikatambaa, nikakirudisha mbele yangu. Magoti yalinifika kifuani. Springi zikalia, gari likashuka kidogo.

BUSHI: Nimeona. Kaa hapo hapo kidogo.

Nikakaa.